Mtoto Aliyeachwa Kwenye Dibaji

Aprili 22, 2016, marais na mawaziri walikusanyika kwenye ukumbi wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, New York, kutia saini Makubaliano ya Paris. Kwa siku hiyo moja zilisaini nchi 174 pamoja na Umoja wa Ulaya. Kabla hawajaanza kusaini alisimama Getrude Clement, binti wa miaka 16 kutoka Mwanza, mtangazaji wa redio, akawaambia wakubwa hao kwamba watoto wanataka kuona kazi kubwa ikifanyika, na ifanyike leo, si kesho. Akapigiwa makofi. Baadaye akapanda jukwaani John Kerry, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani wakati huo, amembeba mjukuu wake wa kike. Akaketi, akampakata, akasaini. Picha ile ilisambaa dunia nzima. Nchi aliyoisainia ndiyo pekee kati ya wanachama wote wa Umoja wa Mataifa ambayo mpaka leo haijaridhia Mkataba wa Haki za Mtoto.

Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyomjua mtoto katika mikutano ya tabianchi: yuko kwenye kipaza sauti, au yuko mapajani. Lakini historia yenyewe ilikuwa imeandikwa miezi minne kabla, Le Bourget, nje kidogo ya Paris, ambako wajumbe walivutana juu ya mahali ambapo haki za mtoto zingekaa ndani ya makubaliano. Kule hakukuwa na makofi.

Chimbuko la mvutano huo ni la zamani. Novemba 20, 1989, Baraza Kuu lilipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Kenya iliuridhia Julai 1990, Tanzania Juni 1991. Ibara yake ya 12 inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na ya 24, inayohusu afya, inazitaka serikali zizingatie hatari za uchafuzi wa mazingira. Miaka miwili na nusu baadaye, Mei 1992, ukapitishwa mkataba mwingine, ule wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na mwezi uliofuata ukafunguliwa kwa saini Rio de Janeiro. Huo unazitaka nchi zilinde mfumo wa tabianchi kwa faida ya vizazi vya sasa na vijavyo. Mtoto hakutajwa.

Mtu anaweza kusema kizazi kijacho si ndio hao watoto? Sivyo. Kizazi kijacho hakina jina wala umri, hakiugui malaria wala hakiachi shule kwenda kutafuta maji. Mtoto wa darasa la tatu yuko hapa sasa hivi, na tayari ana haki zilizoandikwa katika mkataba ambao serikali yake imeuridhia. Mikataba hii miwili ilikuwa kama ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba mbili tofauti. Mmoja ulikwenda Geneva, mikononi mwa wanasheria wa haki za binadamu. Mwingine ukaishia Bonn, mikononi mwa wataalamu wa hewa ukaa na wachumi. Kwa miaka mingi haikujuliana hali.

Pale kwenye mkutano wa Rio alikuwapo mtoto mmoja ambaye dunia haijamsahau. Severn Cullis-Suzuki, wa miaka 12, alitoka Vancouver, Kanada, na wenzake watatu wa rika lake. Walikuwa na kikundi chao cha mazingira na walichangisha nauli wenyewe. Alizungumza kwa dakika chache mbele ya wajumbe. Aliwaambia kwamba anapigania maisha yake ya baadaye, na kwamba kama hawajui namna ya kuitengeneza dunia, basi waache kuiharibu. Ukumbi ulinyamaza, wapo waliolia. Mkutano huo ukatoa Ajenda 21, ambayo sura yake ya 25 inazungumzia watoto na vijana katika maendeleo endelevu. Ajenda 21 ni mpango wa hiari. Mkataba, ambao ndio unaozifunga nchi, haukuguswa. Nadhani hapo ndipo ilipoanza desturi ambayo ingedumu miaka 30: mtoto anapewa jukwaa, maandishi ya kisheria yanabaki mikononi mwa wakubwa.

Itifaki ya Kyoto ikaja mwaka 1997, imejaa asilimia za upunguzaji wa gesi, na mtoto hayumo. Novemba 2006 mkutano wa 12 wa nchi wanachama wa mkataba wa tabianchi ulifanyika Gigiri, Nairobi, wa kwanza kusini mwa Sahara, na ajenda kubwa ikawa namna nchi maskini zitakavyokabiliana na athari. Mtoto hakuwa na ajenda yake.

Wanaoifahamu mikutano hii wanajua kuwa anayekosa kiti mezani hukosa pia aya. Rasimu hutolewa, na kila sentensi isiyokubaliwa huwekwa kwenye mabano ya mraba. Kazi ya siku na usiku ni kufungua mabano hayo moja baada ya jingine, na mwenye uwezo wa kufungua ni mjumbe wa serikali tu. Asasi za kiraia, zilizoko kama waangalizi, hukaa nyuma. Wenyekiti wakiwa na nafasi, huwapa waangalizi dakika mbili mwishoni, wakati wajumbe wengine wameshaanza kukusanya karatasi zao. Mwaka 2009 vijana walipewa nafasi ya kutambuliwa kwa muda kama kundi rasmi la waangalizi, kundi linaloitwa YOUNGO, na mwaka 2011 likathibitishwa. Ilikuwa hatua ya maana. Lakini kundi hilo linabeba watu hadi umri wa miaka 35. Msomi wa miaka 30 mwenye shahada ya uzamili na mtoto wa miaka 11 kutoka Lodwar wamewekwa kapu moja, na mmoja wao anahitaji ruhusa ya mzazi, mlezi wa kusafiri naye na mtu wa kumlipia ndege. Si vigumu kujua yupi hufika ukumbini.

Cancun, mwaka 2010, uamuzi wa mkutano wa tabianchi ulikumbusha katika utangulizi wake azimio la Baraza la Haki za Binadamu linalosema wanaoumia zaidi ni walio hatarini tayari kwa sababu ya mahali walipo, jinsia, umri au ulemavu. Umri. Neno moja tu, lakini watetezi walipata mahali pa kushika.

Februari 2015, mjini Geneva, nchi 18 zikiongozwa na Costa Rica zilitoa ahadi ya kuunganisha kazi ya haki za binadamu na ile ya tabianchi. Mwaka mzima mashirika ya watoto, ya wanawake, ya watu wa asili na ya watu wenye ulemavu yalifanya kazi bega kwa bega, na Mary Robinson, rais wa zamani wa Ireland aliyewahi kuwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu, alikuwa miongoni mwa waliowasemea. Walikuwa na ombi moja: haki za binadamu, za mtoto zikiwemo, ziwekwe katika Ibara ya 2, ibara inayoeleza makusudi ya Makubaliano yote ya Paris, ileile inayotaja nyuzijoto 2 na 1.5. Mkutano wa Paris ulipoanza Desemba, maneno hayo yalikuwa bado yamo ndani ya Ibara ya 2, kwenye mabano. Wiki ya pili yakaondolewa. Nchi kadhaa zilihofia kufungua mlango wa kudaiwa mahakamani. Desemba 12 makubaliano yakapitishwa, na watoto wakaonekana kwenye dibaji, katika aya moja ndefu wanamotajwa pamoja na wahamiaji, watu wa asili, watu wenye ulemavu na wengine.

Wapo waliosema hiyo ni kupigwa chenga ya mwili. Wapo waliosherehekea. Mimi naona kila upande ulikuwa na haki yake. Dibaji haimwagizi waziri kufanya lolote. Hata hivyo, kanuni za kutafsiri mikataba, zilizowekwa Vienna mwaka 1969, zinasema dibaji ni sehemu ya muktadha ambao kila ibara lazima isomwe ndani yake. Neno lililoachwa kwenye dibaji halijafa. Linamsubiri mwanasheria.

Na wanasheria walikuja, wakiwa na watoto. Septemba 23, 2019, watoto 16 kutoka nchi 12, wakiwemo wa Nigeria, Tunisia, Afrika Kusini na Visiwa vya Marshall, walipeleka malalamiko mbele ya Kamati ya Haki za Mtoto, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachosimamia Mkataba wa mwaka 1989, dhidi ya Argentina, Brazil, Ujerumani, Ufaransa na Uturuki. Walidai nchi hizo zinachafua hewa huku zikijua watakaoumia ni watoto. Oktoba 2021 kamati ikatangaza uamuzi wake: walalamikaji hawakuanza kwenye mahakama za nchi zile, hivyo shauri halipokelewi. Wengi waliishia kusoma hapo. Waliosoma zaidi walikuta jambo zito: kamati ilikubali kuwa nchi inaweza kubeba wajibu kwa madhara ya moshi wake hata kwa mtoto aliye nje ya mipaka yake, mradi madhara hayo yalitabirika. Mtoto wa Visiwa vya Marshall anaweza kuwa na madai kwa serikali ya Berlin. Miaka kumi kabla, hoja hiyo isingesikilizwa.

Mwaka huohuo, Agosti, UNICEF ilitoa hesabu kwamba watoto wapatao bilioni 1, karibu nusu ya watoto wote duniani, wanaishi katika nchi 33 zenye hatari kubwa kupita kiasi, na nchi hizo kwa pamoja zinatoa asilimia 9 tu ya hewa ukaa ya dunia. Novemba, kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, mwanaharakati Elizabeth Wathuti wa Kenya aliwaeleza viongozi kuwa Wakenya zaidi ya milioni 2 walikuwa wakikabiliwa na njaa, akawaomba wanyamaze kidogo kuwakumbuka. Ukame aliousema ungeendelea hadi misimu mitano mfululizo ya mvua ikapita bila mvua ya kutosha, Turkana, Marsabit, Wajir, Garissa. Mtu mzima anaweza kustahimili wiki za mlo mmoja. Mwili wa mtoto wa miaka miwili hauna akiba hiyo. Hupoteza maji upesi, huvuta hewa nyingi zaidi kwa uzito wake, na akidumaa umri huo harudishi alichokosa. Kila mara mjumbe anapouliza kwa nini watoto watajwe peke yao, jibu ndilo hilo.

Agosti 2023 Kamati ya Haki za Mtoto ilichapisha Maoni ya Jumla Namba 26 kuhusu haki za mtoto na mazingira, hasa tabianchi. Yaliandaliwa kwa michango 16,331 ya watoto kutoka nchi 121. Kwa mara ya kwanza serikali zilipewa mwongozo wa kina unaosema Mkataba wa mwaka 1989 unamaanisha nini dunia inapochemka.

Miezi mitatu baadaye ulikuwa mkutano wa tabianchi wa Dubai. Wajumbe wakiwa kule, alfajiri ya Desemba 3, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang, Manyara, vikafunika makazi ya Katesh na vijiji jirani baada ya mvua kubwa. Rais Samia Suluhu Hassan alikatisha ziara yake Dubai akarudi nyumbani. Waliozikwa walikuwa wengi, na watoto walikuwamo. Mkutano huohuo, kabla haujafungwa, uliidhinisha mjadala wa wataalamu kuhusu watoto na mabadiliko ya tabianchi. Miaka 31 tangu Rio, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mchakato wa tabianchi kuwatengea watoto kikao rasmi cha kwao.

Kikao kilifanyika Bonn, Juni 4, 2024. Wiki chache kabla yake Kenya ilikuwa imeahirisha kufungua shule kwa muhula wa pili kwa sababu ya mafuriko, na Machi ya mwaka huo Sudan Kusini ilizifunga zake kwa joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45. Wataalamu walizungumza juu ya shule, afya, lishe na fedha. Kwenye fedha ndiko aibu ilipo. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na UNICEF, Plan International na Save the Children ulionyesha kuwa katika fedha za mifuko mikuu ya kimataifa ya tabianchi, ni asilimia 2.4 tu zilizokwenda kwenye miradi inayomzingatia mtoto. Ukitaka kujua mkataba unampenda nani, tazama hundi zake. Na Dubai iliidhinisha mjadala mmoja tu, si ajenda ya kudumu.

Undugu wa mikataba ile miwili umekuja kutambuliwa The Hague. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini, kampasi ya Vanuatu, walianza kuzishawishi serikali zao zipeleke suala la tabianchi Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Machi 29, 2023, Baraza Kuu likakubali bila kupingwa. Desemba 2024 nchi moja baada ya nyingine zilisimama mbele ya majaji, Kenya ikiwemo. Julai 23, 2025, majaji walitoa ushauri wao kwa kauli moja: nchi inapotekeleza mikataba ya tabianchi lazima izingatie wajibu wake wa haki za binadamu, na inapotekeleza haki za binadamu lazima izingatie wajibu wake wa tabianchi.

Ushauri wa mahakama haumfungi mtu kama hukumu, lakini wanasheria wa watoto sasa wanaubeba mkononi. Wanachodai ni vitu vinavyoweza kuhesabika: ajenda ya kudumu ya watoto kwenye vikao vya Bonn, beji na nauli kwa walio chini ya miaka 18 kutoka nchi kama zetu, mstari wa watoto katika kila ombi la fedha linalopelekwa kwenye mfuko wa kimataifa wa hasara na uharibifu unaotokana na tabianchi, na mipango ya kitaifa ya tabianchi inayosema ni shule ngapi zitainuliwa juu ya usawa wa mafuriko na ni zahanati ngapi zitapata maji. Dodoma na Nairobi hazihitaji kusubiri ruhusa ya mkutano wowote kuyaandika hayo.