Mbwa mchanga anayechagua chakula

Mbwa mchanga anayechagua chakula ni mtoto wa mbwa, kwa kawaida wa umri wa wiki 6 hadi mwaka 1, anayekataa anachopewa, au anayekula hiki na kuacha kile, bila kuwa na ugonjwa. Makala hii inaieleza hali hiyo kama ilivyo Likasi, mji wa shaba na kobalti wa jimbo la Haut-Katanga nchini Kongo (DRC), kilomita zipatazo 120 kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi. Katika komini zake nne, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, mbwa hufugwa hasa kwa ulinzi wa lupango (ua wa nyumba), na wengi hula wanachokula wenye nyumba: bukari (ugali) na mchuzi wa mboga ya siku hiyo. Ndiyo maana mbwa wa Likasi anayelaumiwa kwa kuchagua mara nyingi hana kosa. Ama mwili wake unatafuta kitu ambacho bukari haina, ama watu wa nyumbani wamemzoesha kungoja, ama anaumwa. Kabla ya kumbadilishia chakula ni lazima kujua ni lipi kati ya hayo.

Bukari peke yake

Mtazame mtoto wa mbwa wa miezi 3 aliyewekewa bonge la bukari lililomwagiwa mchuzi wa ndagala. Hunusa ukingo wa bakuli, hulamba mchuzi pande zote, hufukua vichwa vya samaki kwa ncha ya pua, kisha huenda zake kivulini. Bonge hubaki na alama za ulimi, na baada ya saa moja limeota ganda na nzi wamelijaa. Watu husema anadeka. Ukweli ni kwamba amechukua kilichomfaa na kuacha kisichomfaa.

Kwa kila kilo ya uzito, mbwa anayekua huhitaji nishati karibu mara mbili ya mbwa mzima. Mwenye kilo 5 na miezi 3 huhitaji takriban kilokalori 600 kwa siku. Bukari ina maji mengi, hivyo ili afikie kiwango hicho kwa bukari tupu ingembidi ale karibu nusu kilo, sehemu ya kumi ya uzito wake mwenyewe. Upande wa protini hali ni mbaya zaidi. Chakula cha mbwa anayekua hutakiwa kuwa na protini isiyopungua asilimia 22 hivi ya uzito mkavu. Unga wa mahindi una asilimia 8 au 9, na unga wa muhogo, ambao watu wa Katanga hupenda kuuchanganya na wa mahindi, una asilimia 1 hadi 2 tu.

Wanga wenyewe haumdhuru. Mwaka 2013 Erik Axelsson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walichapisha katika jarida la Nature kwamba mbwa wa kufugwa wana nakala nyingi zaidi za jeni ya kimeng'enya cha wanga kuliko mbwa mwitu, jambo linaloonyesha kwamba kula mezani pa mkulima kuliibadilisha miili yao. Bukari basi ni chakula cha mbwa, ila haitoshi kumkuza.

Dawa iko sokoni, na si ghali kama nyama. Ndagala wakavu huliwa wazima na mifupa yao, kwa hiyo humpa mbwa protini na kalsiamu kwa pamoja. Wanalowekwa, wanaoshwa hadi mchanga na chumvi vitoke, wanakaushwa kidogo na kutwangwa kinuni, kisha unga wao unapikwa ndani ya uji mzito wa mahindi, ujazo wa samaki ukikaribia ujazo wa unga, pamoja na kijiko cha mafuta ya mawese. Kutwanga ndiko kunakofanya kazi hapa: mbwa hawezi tena kutoa samaki na kuacha unga. Yai la kuchemsha, maharage yaliyoiva hadi kuvurugika na matumbo ya ng'ombe au ya mbuzi yaliyooshwa na kupikwa vyote vinafaa kuzungushwa kwa zamu. Nyama tupu, hata pale ambapo kipato kinairuhusu, haifai kuwa mlo wa kila siku, kwa kuwa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Mtoto wa mbwa anayelishwa hivyo hupata mifupa laini, miguu hupinda na hatimaye hushindwa kusimama.

Sehemu ya mbwa itolewe chunguni kabla ya vitunguu kutiwa. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na mchuzi wa nyumbani huwa navyo karibu kila siku. Bitoyo, yaani samaki wa chumvi, ina chumvi kupita kiasi hata ikilowekwa. Majani ya muhogo mabichi yana sayanidi. Sombe iliyotwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu, kama inavyopikwa kwa ajili ya watu, haina hatari hiyo. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kuwa vijiti vyenye ncha kali na huchana utumbo.

Zaidi ya kilichomo, kuna harufu. Ulimi wa mbwa una vipokezi vya ladha vipatavyo 1,700, wa binadamu takriban 9,000, na kwa sababu hiyo mbwa huamua kwa pua. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1904 kwa utafiti wake wa mmeng'enyo, alionyesha kwamba tumbo la mbwa huanza kutoa majimaji yake kabla chakula hakijafika, kwa kukiona na kukinusa tu. Kiporo baridi hakinukii. Kikirudishwa juu ya mbabula pamoja na maji kidogo hadi kifikie joto la mwili, digrii 38 hivi, mara nyingi hicho hicho kilichokataliwa asubuhi huliwa chote. Bakuli lililooshwa kwa javeli bila kusuuzwa vizuri nalo humfukuza mbwa, na lawama huangukia chakula.

Mikono mingi

Katika lupango lenye familia kubwa, mbwa mmoja ana walishaji wengi. Watoto humtupia mkate wakienda shule. Zamu, yaani mlinzi, humgawia chakula chake usiku. Bibi humwekea mifupa pembeni. Jirani humwita kwenye tundu la ukuta. Jioni bakuli linapokataliwa kila mtu anaapa kwamba mbwa hajala kitu, na kila mmoja anasema kweli kwa upande wake. Kisha mwenye huruma zaidi huleta kipande cha samaki, na mbwa anajifunza kwamba kukataa bukari kunaleta samaki. Mbwa hujifunza hilo kwa siku chache, na kulifuta huchukua wiki kadhaa.

Njia inayofaa ni ya nidhamu, na nidhamu hiyo huanza kwa watu. Mlishaji awe mmoja, na anayetaka kumpa mbwa chochote akitie katika bakuli la mlishaji. Milo iwe na saa zake: minne kwa siku hadi miezi 3, mitatu hadi miezi 6, miwili baada ya hapo. Bakuli liwekwe dakika 15 hadi 20 na kuondolewa, likiwa tupu au limejaa, bila maneno na bila kubembeleza, na pasiwe na chochote hadi mlo unaofuata isipokuwa maji, ambayo yasikosekane kamwe. Mbwa aliyekua kidogo na mwenye afya hurudi kula kwa hamu baada ya siku moja au mbili. Mtoto wa mbwa wa chini ya miezi 3, au wa umbo dogo, asifanyiwe hivyo kwa ukali: sukari ya damu yake hushuka upesi, naye hulegea, hutetemeka na anaweza kufa kwa kukosa milo michache. Huyo hupewa kidogo kidogo, mara nyingi.

Anapoletwa nyumba mpya, kutokula vizuri kwa siku 2 au 3 ni kawaida, kwani ametengwa na mama na ndugu zake. Apewe chakula kilekile alichokizoea alikotoka, na kipya kichanganywe polepole kwa muda wa wiki nzima. Haya yanahusu pia chakula cha punje kavu kinachoagizwa kutoka nje na kufika mjini kwa njia ya mpaka wa Kasumbalesa, ambacho baadhi ya wafugaji hununua mara moja moja kulingana na hali ya mfuko: kubadilisha ghafla huleta kuharisha, na mbwa aliyeugua baada ya chakula fulani hukichukia chakula hicho kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo hiyo dawa ya minyoo isifichwe ndani ya bakuli la mlo. Mbwa akiigundua mara moja tu huanza kulishuku bakuli. Apewe ndani ya kitonge kidogo mkononi, mbali na mahali pa kulia.

Mizani ndiyo inayomaliza ubishi. Mtoto wa mbwa akiwekwa kikapuni na kupimwa kila wiki kwenye mizani ya kupimia unga, uzito unaopanda unaonyesha kwamba anakula vya kutosha, hata kama bakuli halimalizwi.

Umri na majira

Meno 28 ya utotoni hutoka kati ya wiki ya 3 na ya 6, na hubadilishwa na meno 42 ya utu uzima kati ya miezi 4 na 7. Katika kipindi hicho ufizi huuma. Chakula kilicholainishwa kwa maji ya moto humsaidia. Wakati huohuo kasi ya kukua hupungua, hivyo mbwa anayepunguza kula akiwa na miezi 6 huku akiwa mchangamfu hana tatizo lolote. Joto la Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, nalo hupunguza hamu; alishwe alfajiri na baada ya jua kuzama. Usiku wa baridi wa Juni na Julai humwongezea njaa.

Unga wenye kuvu

Kuna kukataa ambako kunastahili kusikilizwa mara moja. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu wa Aspergillus flavus, anayetengeneza sumu ya aflatoksini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo na 125 wakafa. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika zaidi, na dalili ya kwanza kwao ni kupoteza hamu ya kula; hufuata kutapika, macho na ufizi kuwa manjano, kisha kutoka damu. Desturi ya kumwachia mbwa unga ulioharibika, kwa kuwa haufai tena kuliwa na watu, ni mbaya na inafaa kuachwa kabisa.

Ugonjwa

Mbwa mchaguzi hukataa bukari lakini hupokea samaki. Mbwa mgonjwa hukataa vyote. Jaribio hilo la kipande kimoja cha samaki hufanyika kwa dakika moja na hutenganisha sehemu kubwa ya visa.

Minyoo ndiyo huanza mapema. Toxocara canis hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto akiwa bado tumboni, kwa hiyo hata aliyezaliwa mahali safi anahitaji dawa kuanzia wiki ya 2, kila wiki 2 hadi wiki ya 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Tumbo kubwa kwenye mwili uliokonda ni alama yake. Ufizi mweupe huashiria safura au homa ya kupe; kupe huongezeka majira ya mvua. Parvo, ugonjwa wa virusi uliojulikana duniani mwaka 1978, huanza kwa kukataa chakula na kulegea, na huenda siku hiyo hiyo ukafika kwenye kutapika na kuharisha damu yenye harufu kali. Virusi vyake hukaa udongoni kwa miezi mingi, hivyo lupango alimofia mbwa mmoja kwa parvo lisiingizwe mtoto wa mbwa asiyechanjwa. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Katanga ina wataalamu wa kuuliza: Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo.

Vumbi la migodi

Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini vya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo, watoto zaidi ya wakubwa. Kabwe, upande wa Zambia, mbwa waishio karibu na mgodi wa zamani wa risasi na zinki wamepimwa na kukutwa na risasi nyingi katika damu. Sumu ya risasi humfanya mbwa akatae kula, atapike na kupata kifafa. Mbwa hulamba miguu yake, na chakula kilichomwagwa chini huliwa pamoja na vumbi. Bakuli liinuliwe juu ya tofali, na betri kuukuu zisikae lupangoni.

Kichaa cha mbwa

Mbwa anayeacha kula ghafla, anayetokwa mate, taya ikining'inia, sauti ikibadilika, huonekana kana kwamba amekwamwa na mfupa kooni. Huenda ni kichaa cha mbwa: misuli ya koo imepooza na mate yake yamejaa virusi. Usitie mkono kinywani mwake kutafuta mfupa. Mfungie peke yake na umwite daktari wa mifugo. Aliyeumwa au kuguswa na mate kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuchanjwa, kwa sababu dalili zikishaanza kwa binadamu ugonjwa huu karibu kila mara huua.