Macho Hufumbwa Mwisho

Kila ninapoketi kuwasaili walimu wapya, humkumbuka luteni mmoja wa jeshi la Israel. Mwaka 1955, akiwa na miaka 21 na shahada ya kwanza tu ya saikolojia, Daniel Kahneman alipewa kazi ya kurekebisha usaili wa askari wapya.

Kabla yake, msaili aliongea na kuruta kwa dakika 15 hadi 20, kisha akasema anavyomwona. Maoni hayo hayakusaidia kujua nani angefaa. Kahneman alikuwa amesoma kitabu cha Mmarekani Paul Meehl, kilichoonyesha kuwa hesabu nyepesi mara nyingi huzishinda hisia za wataalamu. Akachagua sifa sita, kila moja na maswali yake ya mambo yaliyotendeka: umeshika kazi ngapi, ulikuwa ukiwahi kazini, marafiki mnakutana mara ngapi. Sifa moja ipewe alama, 1 hadi 5, ndipo waingie nyingine.

Wasaili walikasirika; walisema anawageuza mashine. Akawasikiliza. Mkimaliza zote sita, akawaambia, fumbeni macho, mwoneni kijana huyu akiwa askari, kisha mpeni alama moja ya jumla. Ripoti za makamanda kuhusu askari hao zilipokuja, utaratibu mpya ulikuwa umeushinda wa zamani kwa mbali, na ile alama ya macho kufumbwa ilikuwa nzuri sawa na jumla ya zile sita.

Mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem, alianza kufanya kazi na mwanasaikolojia mwenzake, Amos Tversky. Kwa makala yao ya kwanza, walirusha sarafu kuamua jina la nani litangulie. Katika jaribio lao mashuhuri, walizungusha gurudumu la namba lililotegwa lisimame kwenye 10 au 65 tu, kisha wakawauliza watu: nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Walioona 10 walikisia 25 kwa wastani. Walioona 65, 45. Namba isiyohusika kabisa iliwavuta.

Hapo ndipo ninapojiona. Tuliwahi kumwajiri mtu kwa salamu yake nzuri na suti iliyonyooka. Salamu ile ndiyo iliyokuwa gurudumu letu. Majibu yote yaliyofuata tuliyasikia kupitia salamu hiyo. Wanafunzi ndio waliolipa.

Tversky alifariki mwaka 1996, na Nobel ya uchumi ya 2002 ikamkuta Kahneman bila mwenzake. Yeye alifariki Machi 2024. Ndugu msomaji, ukiketi kumchagua mwalimu, au hata mweka hazina wa kikundi chenu, andika alama kwanza, hisia zije baadaye. Kahneman alipoitembelea kambi yake ya zamani, miaka kama 45 baada ya kuiacha, alielezwa usaili ulivyokuwa ukifanyika wakati huo. Haukuwa umebadilika sana, na mwishoni wasaili walikuwa bado wanaambiwa wafumbe macho.