Zamu ya Kukaa Kitini

Majira ya baridi ya 1879, mjini Leipzig, Ujerumani, mwanafunzi Max Friedrich alianza kupima muda ambao akili huchukua kutambua kitu. Kazi yake ilifanyika katika Konvikt, jengo la chuo kikuu ambamo wanafunzi wasio na uwezo walikuwa wakipewa chakula. Profesa Wilhelm Wundt alikuwa na chumba humo, na sasa alikitoa kwa utafiti wa wanafunzi wake. Umri wa maabara za saikolojia kwa kawaida huhesabiwa kuanzia hapo.

Swali la Friedrich lilikuwa jepesi kuuliza: mtu akionyeshwa rangi, au namba yenye tarakimu moja hadi sita, hupita muda gani kabla hajaitambua? Shughuli ilikuwa kwenye kupima. Maabara ilitegemea kronoskopu ya Hipp, saa yenye nyuso mbili. Mshale wa uso wa juu ulizunguka mara 10 kwa sekunde, na duara lake liligawanywa sehemu 100, kwa hiyo kila alama ilikuwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndani yake utepe wa chuma ulitetema mara 1,000 kila sekunde, ukivuma kama nyuki aliyenaswa chupani. Mtu alikaa, mkono ukiwa kwenye swichi ya telegrafu. Rangi au namba ikamulikwa, mshale ukaanza kukimbia. Alipoitambua aliisogeza swichi, mshale ukasimama. Kisha wakaanza upya, tena na tena.

Nani alikaa kwenye kiti hicho? Hapo ndipo penye uhondo wote. Hawakuokota watu barabarani. Friedrich alikaa mwenyewe, akakaa pia G. Stanley Hall, Mmarekani aliyekwisha kupata uzamivu Harvard mwaka 1878, na Wundt naye akakaa. Aliyeshika daftari leo, kesho alipimwa. Kujiunga na maabara ile kulikuwa kukubali akili yako iwekwe mezani mbele ya wenzako, na profesa hakujitoa katika zamu. Ni desturi yenye heshima kubwa: majina ya waliopimwa yaliandikwa, kwa kuwa ushahidi wao ulithaminiwa kama wa wataalamu.

Kupata mada kulikuwa jambo jingine. Mwanzoni mwa muhula wanafunzi walisimama mstari, Wundt akaja na karatasi yake na kugawa mada kwa kufuata walivyosimama. Hadi anastaafu alikuwa amesimamia tasnifu zaidi ya 180.

James McKeen Cattell, aliyefika mwaka 1883, hakungoja kugawiwa. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alimwambia Wundt kwamba anahitaji msaidizi, na kwamba msaidizi huyo atakuwa yeye. Alikuja na swali lake, akatengeneza vyombo vyake, na baadhi ya majaribio akayafanyia chumbani alikopanga. Aligundua kwamba mtu husoma neno haraka kuliko anavyotaja rangi anayoiona. Mwaka 1886 akapata shahada yake.

Lakini mstari ule ulikuwa wa wanaume, na desturi hiyo ilivuka bahari pamoja na vyombo. Mary Whiton Calkins aliomba kusoma Harvard mwaka 1890, akaruhusiwa kuhudhuria kama mgeni tu. Katika semina ya William James wanafunzi wengine wote waliondoka, akabaki yeye na mwalimu wake, kila mmoja upande wake wa moto wa maktaba. Mwaka 1891 alianzisha maabara katika Chuo cha Wellesley, kisha akarudi Harvard kufanya utafiti kwa Hugo Münsterberg, aliyekuwa mwanafunzi wa Wundt. Alichunguza jinsi kumbukumbu inavyounganisha rangi na namba. Mwaka 1895 watahini wake walimpitisha kwa sauti moja. Chuo kikamnyima shahada kwa kuwa ni mwanamke. Miaka 10 baadaye Chama cha Saikolojia cha Marekani kilimchagua kuwa rais wake, mwanamke wa kwanza, na shahada ile ya Harvard hakuipata hadi anafariki mwaka 1930.