Kulinda kwa Kiingereza

Ukimwambia mtu wa Mji wa Kale "nilindie mkokoteni", anakaa hapo mpaka urudi. Shuleni nasi tulifundishwa hivyo: "protect" ni kulinda, basi. Lakini Mombasa kitenzi hiki kilikuja na mambo yake.

Mwaka 1824 Wamazrui, watawala wa Mombasa, walikuwa wakimhofia Seyyid Said wa Omani. Ikaja meli ya Kapteni Owen, wakamwomba ulinzi. Bendera ya Uingereza ikapanda. Luteni Reitz akaachwa asimamie mji. Jina lake bado lipo, Port Reitz. Waingereza nao waliahidiwa nusu ya ushuru wa forodha. Lakini London haikuukubali mkataba, na mwaka 1826 wakafunga virago. Mwaka 1837 Seyyid Said akauchukua mji. Kumbe kulinda kulikuwa "tutakaa tukitaka".

Mwaka 1895 neno likarudi. Pwani ikatangazwa nchi ya himaya, ijapokuwa kwenye karatasi bado ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, aliyelipwa kodi kila mwaka. Mbaruk bin Rashid, Mmazrui pia, akapigana nao, na mwaka 1896 akakimbilia kwa Wajerumani. Ngome ya Yesu ikafanywa jela hadi 1958. Askari jela naye si mlinzi? Mara hii kulinda kulikuwa "hatutoki".

Himaya iliisha Desemba 1963.

Kwa hivyo mtu akikwambia anataka kukulinda, muulize mapema: dhidi ya nani, na mpaka lini?