Neema: jina la mvua, jina la wokovu

JINA la Neema, ambalo Waislamu na Wakristo wa Handeni na Korogwe mkoani Tanga huwapa mabinti zao, limetokana na neno la Kiarabu ni'ma, yaani fadhila au riziki itokayo kwa Mungu. Naima ni jina jingine la mzizi huo huo, wala si Neema lililokosewa tahajia.

Katika Kiswahili, mwaka wa neema ni mwaka wa mvua na mavuno. Maana hiyo ni nzito Handeni, ambako mahindi hutegemea mvua isiyoaminika. Ukame wa miaka ya 1830 uliwafikisha Wazigua wengi utumwani Somalia. Baadhi ya wajukuu wao, wakiwa bado wanasema Kizigua, walirudi na kupewa makazi Chogo, Handeni, baada ya vita vilivyozuka huko mwaka 1991. Binti aliyezaliwa mvua iliponyesha huitwa Neema bila maelezo mengi.

Watafsiri wa Biblia nao walilichukua neno hilo kueleza wokovu anaopewa mtu asiyestahili, na wamisionari wa Kianglikana waliofika Korogwe na Kideleko walilihubiri kwa Kiswahili. Hata hivyo, waumini wa awali walibatizwa zaidi kwa majina ya watakatifu. 

Tatizo huanza karani anapoandika "Nema". Cheti cha shule na kitambulisho vikitofautiana kwa herufi moja, mwenye jina hulazimika kula kiapo mbele ya wakili.