Demensia wilayani Hai
Demensia ni hali ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kutokana na magonjwa ya ubongo, kiasi cha kumzuia mtu kufanya shughuli zake za kila siku.

Katika utafiti wa miaka 2009-2010 vijijini Hai, magharibi kwa Moshi, takriban 6.4% ya wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa nayo. Kwa kuwa wazee wengi hawakusoma, kipimo cha IDEA kilichotengenezwa huko hakihitaji kusoma wala kuandika: mzee hukumbuka maneno 10 na kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano.

Demensia si uchawi, wala si kila mzee huipata. Hatari yake hupungua kwa kudhibiti shinikizo la damu na kisukari, kuacha tumbaku, kuushughulisha mwili na kutojitenga na watu.