Kufungwa kwa Bahari: Kusi, Kipupwe na Maji ya Bamvua katika Historia ya Usafiri wa Vyombo Pwani ya Afrika Mashariki

1. Utangulizi

Pwani ya Waswahili haina theluji wala barafu, lakini ina msimu wake wa baridi. Msimu huo ni kipupwe, unaoanza mvua za masika zinapokatika mwezi wa Juni na kuendelea hadi Agosti. Jua huwa liko kaskazini mwa ikweta, joto la maji ya bahari hushuka, na pepo za kusi huvuma kwa nguvu zake zote. Kwa watu wa nchi kavu kipupwe ni wakati wa hewa nzuri. Kwa wenye vyombo ni majira magumu kuliko yote ya mwaka, na kwa karne nyingi yalihesabiwa kuwa majira ya bahari kufungwa.

Insha hii inachunguza maana ya kufungwa huko. Historia ya biashara ya Bahari ya Hindi imezoea kueleza pepo za msimu kama nguvu iliyovisukuma vyombo kutoka bandari moja hadi nyingine: kaskazi ikawaleta wageni kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi ikawarudisha makwao. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanaacha jambo moja kando. Upepo uleule uliovirudisha vyombo ulikuwa pia ukivizuia, na ujuzi wa baharia ulipimwa kwa kutambua siku za kutosafiri sawa na siku za kusafiri. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kufungwa kwa bahari hakukuwa woga wala ushirikina. Kulikuwa uamuzi uliotokana na hesabu mbili, ya jua na ya mwezi, na kudhoofika kwa uamuzi huo baada ya kuja kwa mashine kuna athari kwa usalama wa wasafiri hadi leo.

2. Kusi na milango yake miwili

Neno msimu lina asili ya neno la Kiarabu mawsim, lenye maana ya wakati maalumu wa jambo. Kwa mabaharia, wakati huo ulikuwa wa kung'oa nanga. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi huanza Aprili au Mei, hufikia kilele chake Juni hadi Agosti, kisha hulegea Septemba. Katikati ya pepo hizi mbili kuna vipindi vya upepo usiotulia, vinavyokaribiana na mvua za masika na za vuli.

Kusi haikuwa na uzito mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Chombo kilichotoka Kilwa, Unguja au Mombasa kwenda Uarabuni au Bara Hindi kilikuwa na milango miwili ya kutokea. Mlango wa kwanza ulikuwa mwanzo wa kusi, Aprili na Mei, kabla upepo haujakomaa. Mlango wa pili ulikuwa mwisho wake, Agosti na Septemba, upepo ulipokwisha kupungua. Majira haya Waswahili huyaita demani, na neno linalofanana nalo linapatikana katika maandishi ya Kiarabu ya uanamaji kwa maana ya mwisho wa msimu. Kati ya milango hiyo miwili bahari ilifungwa. Pepo za Juni na Julai katika Bahari ya Uarabuni ni kali mno, na bandari za pwani ya magharibi ya Bara Hindi, zilizo wazi mbele ya mawimbi, hazikuweza kupokea vyombo vya matanga kwa salama. Ahmad ibn Majid, nahodha na mwandishi wa karne ya 15, aliandika kwa kirefu kuhusu nyakati za kusafiri, na kwake yeye tarehe ya kuondoka ilikuwa sehemu ya elimu ya bahari sawa na elimu ya nyota.

Safari ya Vasco da Gama ni mfano unaoonesha gharama ya kutojali hesabu hiyo. Meli zake ziliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, mwanzoni mwa kusi, zikiongozwa na rubani aliyepatikana hapo. Zilivuka hadi pwani ya Malabar kwa muda usiofika mwezi mmoja. Wakati wa kurudi, Wareno waliondoka kisiwa cha Anjediva tarehe 5 Oktoba, kabla kaskazi haijasimama. Walikumbana na shwari na pepo za omo, wakaiona pwani ya Afrika karibu na Mogadishu tarehe 2 Januari 1499. Takriban miezi mitatu ilipita baharini, na mabaharia wapatao 30 walikufa kwa kiseyeye. Bahari ilikuwa ileile na meli zilezile. Kilichobadilika ni tarehe.

3. Bahari ya ndani: kazi wakati wa kipupwe

Ingekuwa kosa kudhani kwamba katika kipupwe pwani nzima ililala. Kilichofungwa ni bahari kuu. Ndani ya miamba, katika mikono ya bahari na baina ya visiwa, mashua, madau na ngalawa ziliendelea na kazi, ila kwa masharti.

Sharti la kwanza lilitokana na mkondo. Mkondo wa bahari wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima katika sehemu kubwa ya pwani ya Tanzania na kusini mwa Kenya. Wakati wa kaskazi upepo huupinga na kuupunguza. Wakati wa kusi upepo huusukuma, na mwendo wake huweza kufikia noti nne. Kwa hiyo chombo cha tanga kilichotaka kwenda kusini mwezi wa Julai kilipingwa na vitu viwili kwa pamoja. Nahodha aliyelazimika kwenda joshi alipiga bisha baada ya bisha karibu na nchi, akitumia umande wa alfajiri, ule upepo mwepesi unaotoka bara kabla jua halijapanda, kisha akatia nanga nyuma ya kisiwa kusi ilipoamka.

Sharti la pili lilikuwa maji. Pwani hii hupata maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Tofauti baina ya kujaa na kupwa si ndogo: wakati wa bamvua huko Unguja inakaribia mita 4, ilhali wakati wa maji mafu hupungua hadi kiasi cha mita 1. Mlango wa mwamba unaopitika kwa salama maji yakiwa yamejaa huweza kuwa mawe matupu saa sita baadaye. Aidha, katika bamvua maji mengi zaidi huingia na kutoka kwa muda uleule, na mikondo katika milango na baina ya visiwa huwa mikali zaidi. Mkondo unapoelekea upande unakotoka upepo, mawimbi hufupika na kusimama wima. Hapo ndipo kipupwe na bamvua vinapokutana: kusi peke yake inaweza kuhimilika, na mkondo peke yake unaweza kuhimilika, lakini vikipingana katika mlango mwembamba, chombo kidogo hujaa maji kabla ya nahodha kuweza kukigeuza.

Bamvua haikuwa adui tu. Maji yaliyojaa sana ndiyo yaliyowezesha chombo kikubwa kupandishwa juu ya mchanga ili maji yakipwa kibaki pakavu, kikalafatiwe na kupakwa deheni. Kipupwe kikawa pia wakati wa matengenezo, na siku za kufungwa hazikuwa siku za uvivu.

4. Kalenda mbili za baharia

Swali la msingi ni jinsi ujuzi huu ulivyohifadhiwa bila majedwali yaliyochapishwa. Jibu liko katika kalenda mbili zilizotumika kwa pamoja, kila moja ikifanya kazi ambayo nyingine haiwezi.

Ya kwanza ni mwaka wa Nairuzi, wenye asili ya Uajemi, unaohesabiwa kwa siku 365. Siku hizo hugawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, zikabaki siku 5 za ziada. Kwa kuwa unafuata jua, mwaka huu huweza kutaja majira ya upepo: nahodha alisema chombo kitaondoka mwongo fulani, na mkulima akapanda mwongo fulani. Siku ya kwanza ya mwaka huo husherehekewa hadi leo, hasa Makunduchi katika kisiwa cha Unguja, kwa jina la Mwaka Kogwa.

Ya pili ni mwaka wa Hijria, unaofuata mwezi. Mwaka huu wa siku 354 hauwezi kutaja majira ya upepo, kwa kuwa Ramadhani hupita katika kaskazi na kusi kwa zamu. Lakini kwa maji ni kipimo kamili. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na tarehe 15, bamvua hufuata baada ya siku moja au mbili. Karibu na tarehe 8 na 22 huja maji mafu. Zaidi ya hayo, saa za maji hufuata tarehe: huko Unguja, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi na kupwa sana karibu na saa nne au saa tano, mchana na usiku, kisha huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku. Mvuvi aliyejua tarehe ya mwezi hakuhitaji jedwali.

Mfumo huu ulikuwa na udhaifu wake. Mwaka wa siku 365 bila siku ya nyongeza hurudi nyuma siku 1 kila miaka 4. Katika zama za Ibn Majid Nairuzi iliangukia Novemba. Leo huangukia Julai. Hesabu ya miongo iliyorithiwa bila kurekebishwa ingempotosha mjukuu kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kila kizazi kililazimika kuilinganisha hesabu na upepo wenyewe, na maarifa hayo hayakuwa mapokeo yaliyoganda, bali yalihakikiwa upya kila mara. A. H. J. Prins, aliyechapisha utafiti wake kuhusu mabaharia wa Lamu mwaka 1965, aliikuta elimu hiyo ingali hai katika kazi za kila siku.

5. Mashine, taarifa na kupotea kwa mamlaka

Mwaka 1872 unaonesha mipaka ya elimu ya kale na mwanzo wa elimu mpya. Tarehe 15 Aprili mwaka huo kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangamiza vyombo vya Sultani Barghash bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Hakuna kalenda iliyoweza kukitabiri, kwa kuwa kalenda hueleza kawaida, haielezi tukio la nadra. Mwaka huohuo meli za barua za British India zilianza kufika Unguja kwa ratiba, na mwaka 1879 waya wa simu uliunganisha kisiwa na Aden. Safari iliyofuata upepo ilianza kufuata saa.

Mabadiliko hayakuja kwa ghafla. Alan Villiers, aliyesafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, alikuta bado vyombo vikishuka kwa kaskazi hadi delta ya Rufiji kuchukua boriti za mikoko na kurudi kwa kusi. Ni baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo mashine zilipoenea katika vyombo vya pwani. Chombo chenye mashine kiliweza kwenda kusini mwezi wa Julai. Kikwazo cha upepo wa omo kikaondoka. Lakini mashine haipunguzi kimo cha wimbi wala haiondoi mwamba. Gharama ya kipupwe, iliyokuwa ikilipwa kwa siku za kungoja, ikaanza kulipwa kwa hatari ya kwenda.

Ajali ya MV Skagit inapaswa kusomwa katika muktadha huo. Meli hiyo ilizama tarehe 18 Julai 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, wakati wa upepo mkali na bahari iliyochafuka, na watu wengi walipoteza maisha. Sababu za ajali ya chombo haziwi moja, na insha hii haikusudii kuzihukumu. Hata hivyo, tarehe yenyewe imo katikati ya siku ambazo nahodha wa tanga angezihesabu kuwa za kutazamwa mara mbili kabla ya kung'oa nanga.

Leo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri na tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Utabiri huo hufanya kile ambacho kalenda ilishindwa kufanya mwaka 1872: hutaja tukio la kesho. Lakini tahadhari huweza tu kusema kwamba bahari ni mbaya. Haimwambii mwenye ngalawa kama mlango wa kijiji chake utapitika saa nne asubuhi, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Jibu hilo bado liko katika hesabu ya zamani.

6. Hitimisho

Uchunguzi huu umeonesha kwamba kufungwa kwa bahari wakati wa kipupwe kulikuwa matokeo ya elimu iliyopanga upepo kwa mwaka wa jua na maji kwa mwezi. Elimu hiyo ilijua kawaida ya bahari kwa undani, na ilishindwa mbele ya jambo la nadra. Utabiri wa kisasa una nguvu pale palipokuwa na udhaifu huo. Kilichopotea baina ya elimu hizo mbili ni mamlaka ya nahodha ya kusema kwamba leo chombo hakiondoki, bila kuonekana kuwa ameshindwa kazi. Katika zama za tanga mamlaka hayo yalilindwa na upepo wenyewe, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuubishia. Katika zama za mashine hayana mlinzi ila sheria na nidhamu ya wanaoisimamia, na ndiyo maana historia ya siku za kungoja inastahili kuandikwa sambamba na historia ya safari.